Msitu Ulioishia Mapokezi: Kisa cha Kliniki ya Meno Iliyotaka Kuwatuliza Wagonjwa Wake

Usuli

Kisa hiki kinahusu kliniki binafsi ya meno yenye viti vinne, iliyokuwa imefanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi katika ghorofa ya chini ya jengo la ofisi. Jina la kliniki na majina ya wahusika yameondolewa, na vipimo vichache vya jengo vimebadilishwa ili lisitambulike. Mimi nilikuwa mbunifu wa mambo ya ndani niliyepewa kazi hiyo, kwa hiyo makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu kwa sehemu kubwa.

Kliniki ilikuwa na mpangilio wa kawaida: mapokezi na ukumbi wa kusubiri upande wa barabarani, korido fupi, vyumba vinne vya matibabu, na mwishoni chumba cha kutakasia vifaa pamoja na kijichumba cha kompresa. Vyumba viwili kati ya vinne vilikuwa na madirisha, lakini yalitazama ukuta wa mpaka ulio umbali wa kama mita moja na nusu, na kwa sababu hiyo mapazia yake yalifungwa muda wote. Kuta zilikuwa nyeupe, taa nyeupe, vigae vyeupe. Hapakuwa na kasoro ya usafi. Palikuwa na ubaridi ule ambao mtu huuhisi kabla hajaambiwa chochote.

Aliyenipa kazi, ambaye nitamwita Daktari, hakuwa akitafuta urembo. Wagonjwa walikuja kuangaliwa, wakakubali mpango wa matibabu, kisha siku ya kuziba jino au kutibu mzizi hawakuonekana. Waliofika walikaa kitini wamekakamaa, vidole vimeng'ang'ania viegemeo. Alikuwa amesoma utafiti ambao Roger Ulrich aliuchapisha mwaka 1984, uliolinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981: jozi 23 za wagonjwa wanaofanana, mmoja wa kila jozi akiwa na dirisha linaloonyesha miti na mwenzake dirisha linaloonyesha ukuta wa matofali. Waliopata kuona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Daktari aliweka karatasi zake mezani akasema, "Nataka miti." Nami nikaliandika neno hilo kwenye daftari bila kuuliza swali moja ambalo lingetuokolea miezi kadhaa: mgonjwa aione miti hiyo akiwa wapi?

Awamu ya kwanza: tulichojenga na sababu zake

Zaidi ya nusu ya bajeti iliingia kwenye ukumbi wa kusubiri. Sababu ilionekana ya msingi wakati ule: huko ndiko mgonjwa anakokaa na hofu yake, na huko ndiko anakopata picha ya kwanza ya mahali. Tuliweka mimea mikubwa ya vyunguni, meza ya mapokezi ya mbao halisi, viti vilivyopangwa migongo ikielekea ukutani ili anayekaa aone mlango bila mtu kupita nyuma yake, na upande mmoja ukuta wa mawe ambao maji yaliteremka juu yake usiku na mchana. Tangi la samaki lilijadiliwa pia, kwa kuwa Aaron Katcher na wenzake walikuwa wameonyesha, katika mwaka huohuo wa 1984, kwamba wagonjwa waliotazama samaki kabla ya upasuaji wa meno walitulia zaidi. Lakini Daktari hakuwa na mtu wa kulitunza, tukaliacha.

Vyumba vya matibabu vilipata kilichobaki. Ukuta mmoja wa kila chumba ulipakwa kijani kizito cha majani, mwingine ukapigiliwa vipande vyembamba vya mbao vilivyosimama kama mianzi, kona moja ikapewa chungu cha mmea, na taa za dari zikabadilishwa kuwa za mwanga wa joto, yaani wenye unjano, kama kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga: kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa mweupe), zenye uwezo wa kufifishwa. Ukutani mbele ya kiti tukatundika picha kubwa ya bonde lenye ukungu. Mtambo mdogo wa kufukiza mafuta ya mimea uliwekwa koridoni ili kuzima harufu ya kliniki.

Siku ya ufunguzi watu walipiga picha. Nami nilipiga, na picha hizo bado zinavutia.

Kilichofuata

Kwa kupima hofu, Daktari alitumia dodoso ambalo Gerry Humphris na wenzake walilichapisha mwaka 1995 kwa kuboresha lile la Norman Corah la 1969. Lina maswali matano tu: mgonjwa angejisikiaje kama ana miadi ya matibabu kesho, akiwa ukumbini anasubiri, akiwa karibu kuchongwa jino, akiwa karibu kusafishwa meno, na akiwa karibu kuchomwa sindano ya ganzi kwenye fizi. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, na jumla ya 19 au zaidi huhesabiwa kuwa hofu kubwa. Wasaidizi walikuwa wamelitoa kwa wiki kadhaa kabla ya ujenzi, na wakalitoa tena baadaye. Swali la ukumbini ndilo pekee lililoonyesha nafuu inayoonekana. Maswali ya kuchongwa na ya sindano yalibaki palepale, na utoro wa siku ya kuziba haukupungua.

Matatizo mengine yalifuatana kwa haraka. Mgonjwa mmoja mwenye pumu alianza kukohoa koridoni kwa sababu ya mafuta yaliyofukizwa, na mtambo ukazimwa siku hiyohiyo. Mbao za ukutani, zilizokuwa zikifutwa kwa dawa yenye klorini kati ya mgonjwa na mgonjwa, zilianza kupauka, na sehemu za chini zikavimba. Mbaya zaidi, mianya yake ilishika matone ambayo kitambaa hakikuyafikia. Madaktari wawili walilalamika kwamba macho yanachoka kabla ya adhuhuri.

Kisha kikaja kisa cha kofia ya jino, yaani jino la bandia linalovikwa juu ya jino lililoharibika. Daktari alichagua rangi ya jino la mbele akiwa chumba cha pili, akiwa ameshika kipimo cha rangi kando ya mdomo wa mgonjwa, akaandika A3, rangi iliyokolea unjano kuliko A2. Kofia iliporudi kutoka maabara ilikuwa ya njano kuliko meno jirani. Alimtoa mgonjwa hadi mlango wa nje, wakasimama mchana kweupe, akashika tena kile kipimo: jino lilikuwa A2. Hakusema neno, alinipigia simu tu na kunisomea herufi na namba hizo mbili. Taa za mwanga wa joto zilikuwa zimelipaka jino unjano, na ukuta wa kijani ulikuwa umelichosha jicho lake, kwa kuwa jicho lililokaa muda mrefu mbele ya kijani huanza kuona wekundu ambao haupo. Kofia ilitengenezwa upya kwa gharama ya kliniki.

Pigo la mwisho lilihusu ukuta wa maji. Mshauri wa udhibiti wa maambukizi, aliyeletwa kwa ukaguzi wa kawaida wa maji ya viti, alisimama mbele yake kwa dakika chache kisha akauliza maji yake hubadilishwa lini na yana joto kiasi gani. Alitueleza kwamba bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, hustawi katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na kwamba humwingia mtu kupitia matone madogo anayoyavuta kwa pumzi. Mwaka 2010, katika hospitali moja ya Wisconsin, Marekani, watu wanane waliugua kutokana na ukuta wa maji uliokuwa kwenye ukumbi wa mbele, ingawa ulikuwa ukisafishwa kwa utaratibu. Kwenye kliniki inayopokea wazee na watu wenye kinga dhaifu, pambo hilo halikuwa na utetezi. Tuliuzima jioni ile. Kila nilipoingia baada ya hapo niliona mawe makavu yenye mistari ya chokaa, na niseme wazi kwamba yaliniuma kuliko kasoro nyingine zote, kwa sababu ndiyo niliyojivunia zaidi.

Tulipolala kitini

Mabadiliko ya kazi yenyewe yalitokana na maneno ya mgonjwa mmoja, mama wa makamo, ambaye Daktari alimwuliza kwa upole kama ile picha ya bonde ilimsaidia. Alijibu, "Picha nzuri, Daktari. Lakini nikishalazwa siioni. Naona taa, naona pua yako, na naisikia ile mashine ya chumba cha jirani."

Jumapili iliyofuata tulikwenda kliniki mimi, Daktari na msaidizi wake mkuu, tukalala kwa zamu katika kila kiti, huku mmoja wetu akiendesha mashine ya kuchongea katika chumba cha pili yake. Nilikuwa nimebuni vyumba vile na sikuwahi kulala ndani yake. Kiti kikishashushwa, kuta zote nilizozipamba zilitoweka. Kilichobaki ni mraba wa dari nyeupe wenye doa la unyevu pembeni, shina la taa, na trei ya vifaa iliyoning'inia usawa wa kifua, sindano ikiwa ya kwanza kuonekana. Mlio ulikuja kutoka juu. Turbini ya mashine ya kuchongea huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na mlio wake mwembamba hupita kwenye upenyo mdogo mno. Fundi alipofungua kigae kimoja cha dari tuligundua kwamba kuta za jipsamu kati ya vyumba ziliishia hapohapo kwenye dari ya kuning'inia. Juu yake, hadi kwenye zege, palikuwa wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha nne. Vilio vya mtoto wa chumba cha nne vilisafiri humo kama ndani ya bomba.

Hapo ndipo nilipousoma upya ule utafiti wa Ulrich. Wagonjwa wake walikuwa wamelala kitandani, na dirisha lilikuwa mahali macho yao yanapofika bila kujitahidi. Sisi tulikuwa tumechukua miti tukaacha kitanda.

Awamu ya pili: maamuzi

Fedha zilizobaki hazikutosha kila kitu, na tulikubaliana kuanza na sauti. Kuta kati ya vyumba ziliendelezwa hadi kwenye zege kwa tabaka mbili za jipsamu kila upande, katikati pakajazwa sufi ya madini, na kila upenyo wa waya na bomba ukazibwa kwa gundi isiyokauka kabisa. Milango myepesi ilibadilishwa kwa mizito yenye mpira pembezoni na chini. Kompresa iliwekwa juu ya vizibo vya mpira ili mtetemo usipande ukutani. Hakuna mgeni atakayepiga picha ya kazi hii, na mwenye kliniki yeyote huugulia moyoni anapolipia kitu kisichoonekana. Daktari alikubali kwa sababu alikuwa amelala kwenye kile kiti.

Baada ya kelele kupungua ndipo tulipoongeza sauti za asili, kwa kiwango cha chini sana. Jaribio la kwanza lilikuwa sauti ya kijito, nalo lilidumu siku tatu: wagonjwa waliolala na maji mdomoni, wakisikia maji yakitiririka, walianza kuomba kwenda msalani katikati ya kazi. Tukaweka upepo kwenye majani na ndege wa mbali. Rekodi ilikuwa ya dakika kumi na mbili, ikijirudia, na mwisho wa wiki dada wa mapokezi alimwambia Daktari kwamba amemwota yule ndege. Rekodi ndefu zaidi zilinunuliwa, na mapokezi yakaachwa bila sauti yoyote.

Dari ilipata uangalifu wa pili. Juu ya kila kiti tuliondoa vigae vinne na kuweka paneli zenye picha iliyoangazwa kwa nyuma. Nililazimika kukataa picha nyingi nzuri, kwa kuwa mandhari yenye upeo wa macho, mlima au ufuko, ikiwekwa darini humfanya aliyelala ajihisi ameanguka. Kinachofaa ni kile ambacho mtu hukiona kweli akiwa chali: matawi yakikutana juu, majani yakipitisha mwanga, vipande vidogo vya anga. Paneli za kwanza ziling'aa mno, zikawasumbua madaktari pembezoni mwa macho, hadi zilipofungwa swichi ya kupunguza mwanga. Trei ya vifaa nayo ilihamishiwa nyuma ya kichwa cha mgonjwa. Msaidizi mkuu alilipinga hilo kwa siku mbili, kwa sababu mkono wake ulizoea upande wa mbele, kisha akalizoea.

Madirisha mawili yalikuwa zawadi tuliyoifumbia macho. Katika ule mwanya wa mita moja na nusu tulipanda mimea ya kutambaa kwenye ukuta wa mpaka na mingine ya majani mapana chini yake, tukaondoa mapazia na kubandika utando unaoficha nusu ya chini ya kioo ili wapitao wasione ndani. Kisha tukataka kuvigeuza viti vitazame nje. Hapa mfumo wenyewe uliamua: maji, hewa na bomba la kunyonya mate huingia kitini kupitia kisanduku cha sakafuni, na daktari anayetumia mkono wa kulia anahitaji nafasi nyuma ya kichwa cha mgonjwa na ubavuni mwake upande wa kulia. Viti viwili vya vyumba vyenye madirisha viligeuzwa kwa kupasua sakafu. Vya vyumba vya ndani vilibaki vinatazama ukuta.

Kuhusu rangi na mwanga, uamuzi ulikuwa wa kurudi nyuma bila aibu. Kuta za vyumba vya matibabu zilipakwa kijivu hafifu kisichoegemea rangi yoyote, na kijani kikahamia koridoni. Taa za jumla zikawa za kama kelvini 5,000 zenye uwezo wa kuonyesha rangi kwa usahihi kwa kipimo cha zaidi ya 90 kati ya 100. Kiwango cha Ulaya cha taa za mahali pa kazi, EN 12464-1, kinataka laksi 500 (laksi ni kipimo cha wingi wa mwanga) chumbani na 1,000 alipolala mgonjwa. Sisi tulikuwa tumeshuka chini mno, na kwa kuwa taa ya kiti huweza kufika laksi 20,000 na zaidi, jicho la daktari lilikuwa linaruka kati ya jua na kiza siku nzima. Mwanga wa joto ulibaki kwenye ukumbi wa kusubiri na korido, ambako hakuna anayechagua rangi ya jino.

Mbao za vyumbani ziling'olewa, mahali pake pakawekwa vinaili isiyo na maungio yenye mchoro wa mbao, iliyopandishwa ukutani kwa mkunjo ili pasiwe na kona ya uchafu. Siipendi mbao ya kuigiza. Lakini mbao halisi inayopauka kwa klorini hugeuka ishara ya uchakavu mbele ya mtu anayetafuta sababu ya kuondoka. Mbao halisi ilibaki kwenye meza ya mapokezi na kwenye kishikio kirefu cha korido, ambako mkono wa mgonjwa hupita. Vyungu vyote vilitolewa vyumbani, kwa sababu udongo hufuga ukungu wa aina ya Aspergillus na mahali pa kazi ya mdomoni si pake. Harufu tuliishughulikia kwenye chanzo: eujenoli, ile harufu ya karafuu inayotoka kwenye dawa za kuzibia na ambayo wengi huikumbuka tangu utotoni, ilipewa feni ya kutoa hewa juu ya meza ya kuchanganyia.

Matokeo

Miezi sita baadaye dodoso lilirudiwa. Safari hii majibu ya swali la kuchongwa jino yalishuka, na ya miadi ya kesho yakashuka kwa kiasi kidogo. Swali la sindano halikutikisika. Siku za kuziba, mahudhurio yaliongezeka kiasi cha Daktari kuongeza saa za kazi siku moja ya wiki. Sehemu ya nafuu hiyo haikutokana na ubunifu: katika kipindi hicho wasaidizi walianza kuwapigia wagonjwa simu siku moja kabla, na Daktari alianza utaratibu wa mgonjwa kuinua mkono wa kushoto akitaka kazi isimame. Sina namna ya kuyatenganisha mambo hayo na paneli za majani.

Uchambuzi

Kosa la awamu ya kwanza halikuwa kuchagua asili. Lilikuwa kuichukulia asili kama pambo la kutazamwa na mtu aliyesimama, ilhali mgonjwa wa meno husimama kwa dakika chache na kulala kwa muda mrefu. Mpango wa sakafu, ambao ndio chombo chetu cha kwanza cha kazi, hauonyeshi dari wala mlio. Nilibuni kile ambacho karatasi yangu iliweza kukionyesha. Tangu hapo huchora mchoro wa ziada kwa kila chumba cha tiba, wa anachokiona aliyelala, na huuchora kabla ya kuchagua rangi ya ukuta wowote.

Ukumbi haukuwa hasara tupu. Mpangilio wa viti ulifanya kazi tangu siku ya kwanza, na nafuu ya swali la pili ilikuwa ya kweli. Lakini utulivu wa ukumbini ulikatika mlio wa kwanza ulipopita darini, na nashuku kwamba tofauti kati ya mahali pazuri vile na sauti ile iliwafanya baadhi ya wagonjwa wahisi wamehadaiwa. Ningepewa bajeti ileile upya, ningeanza na kuta za juu ya dari, na ukumbi ungesubiri mwaka wa pili.

Jambo ambalo hatukulitatua ni sindano. Hofu yake haipo kwenye macho wala masikio ya chumba. Ipo kwenye mkono wa daktari na maneno yake, na mbunifu hana la kuongeza isipokuwa kuhakikisha sindano haionekani mapema.

Vyumba viwili vya ndani bado ni duni kuliko vile vya madirisha. Kliniki inaliziba pengo hilo kwa utaratibu: mwenye alama 19 au zaidi hupangiwa chumba cha dirisha, na dada wa mapokezi huweka alama ndogo ya jani kando ya miadi yake. Ile mimea ya kutambaa imeota kuliko tulivyotarajia, na kila mwezi msaidizi mmoja hutoka na mkasi kuipunguza, maana isipokatwa hufunika kioo na chumba cha pili kugeuka tena cha giza.